Injini Husema Kabla ya Kufa



Ndugu wasomaji, ukurasa wetu wa mwezi huu unaelekea mahali ambapo haujapata kufika: chini ya boneti ya lori. Huenda baadhi yenu mkauliza mwalimu mstaafu wa fizikia ana shughuli gani na malori. Jibu lake ni jepesi. Tazameni nje ya msikiti siku ya Ijumaa, muwahesabu vijana wetu waliokuja na funguo za lori mfukoni. Zamani kijana wa pwani alitafuta riziki kwa jahazi. Leo, hapa Marekani, wengi wanaitafuta juu ya magurudumu 18, kutoka Ohio hadi California na kurudi.

Vijana hao huniletea vitabu vya injini vilivyoandikwa kwa Kiingereza kizito, nami huwafasiria kadiri ya uwezo wangu. Katika kufasiri huko nimeona jambo moja linalojirudia kitabu baada ya kitabu, nalo ndilo ninalotaka kulisema leo. Injini ya dizeli haifi ghafla. Hufa pole pole, na kabla ya kufa husema. Mwenye kuisikiliza huweza kuiona ikitimiza maili 1,000,000. Asiyeisikiliza huizika ikiwa bado kijana.

MALI YA WATU

Kabla hatujashika spana, na tujiulize lori ni la nani. Kwenye karatasi ni la dereva. Kwa hakika, mara nyingi si lake peke yake. Wengi katika sisi, kwa kuiogopa riba, hatukwenda benki; tulichanga. Ndani ya lori lile mna fedha za upatu, mna bangili za mama zilizouzwa, mna akiba ya mjane aliyeahidiwa fungu lake la faida kila mwezi. Huo ni ushirika, na dereva katika ushirika huo ni mtu aliyeaminiwa. Amekabidhiwa amana ya chuma.

Injini kubwa ikiharibika kabisa, kuifungua na kuitengeneza upya hupita dola 20,000. Kwa lori lililonunuliwa likiwa limetumika, gharama hiyo huweza kukaribia bei ya lori lenyewe. Na muda wote huo lori limelala gereji, haliingizi hata senti, ilhali bima inadai, kodi ya nyumba inadai, na huko Tanga au Lamu kuna mtoto anangojea karo.

Wazee wetu waliyafahamu haya. Jahazi halikusubiriwa livuje katikati ya bahari. Lilipandishwa pwani, likakwanguliwa, likatiwa kalafati kwenye nyufa, likapakwa shahamu chini na sifa kwenye mbao za juu. Hakuna aliyemwambia nahodha kwamba anapoteza wakati.

NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Injini ya petroli huyawasha mafuta yake kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina plagi. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyeipa jina lake, na ambaye injini yake ilifanyiwa majaribio yaliyofaulu mjini Augsburg mwaka 1897, aliitumia kanuni ambayo kila aliyepata kujaza upepo gurudumu la baiskeli ameihisi kwa mkono: hewa ikikandamizwa hupata moto. Ndani ya silinda, pistoni huikandamiza hewa mpaka ikabaki kiasi cha sehemu moja ya 16 au 17 ya ujazo wake wa awali. Joto lake hupita nyuzi 500 za sentigredi. Hapo nozeli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka yenyewe.

Kutokana na hayo tunaelewa mambo mawili. La kwanza, injini hii imeundwa kwa chuma kizito kwa kuwa inabeba nguvu kubwa, na ndiyo maana ina uwezo wa kuishi miaka mingi. La pili, viungo vyake vimekaribiana mno, hata chembe ya vumbi isiyoonekana kwa jicho hutosha kuvikwaruza. Maadui wake basi ni wanne: vumbi, maji yaliyokwenda pasipo pake, joto lililopita kiasi, na pupa ya binadamu.

HEWA INAYOVUTWA

Vumbi likiingia ndani ya silinda hufanya kazi ya msasa: hukwangua ringi, hukwangua kuta za silinda, kisha huteremka kwenye oili na kuendelea kukwangua beringi. Mlinzi ni chujio la hewa. Ajabu ni kwamba wengi hulidhuru kwa kulipenda kupita kiasi. Hulifungua kila wiki kulitazama, hulipiga kwenye tairi, hulipuliza kwa upepo wa kompresa. Kila mara linapofunguliwa, vumbi hupata nafasi ya kudondokea upande ulio safi. Na upepo mkali huweza kulitoboa vitundu ambavyo hutaviona. Malori mengi yana geji inayoonyesha chujio limezibika kiasi gani. Ifuate hiyo. Ikikwambia badilisha, badilisha, ikinyamaza, liache.

Linalostahili kukaguliwa mara kwa mara ni mipira na vibano vilivyo kati ya chujio na tabochaja, ile feni inayozungushwa kwa nguvu ya moshi ili kusukuma hewa ndani. Mpira ukipasuka hapo, injini inavuta vumbi la barabara bila kizuizi, hata kama chujio ni jipya.

OILI NI DAMU

Oili hulainisha, hupoza, husafisha, na huziba nafasi baina ya ringi na silinda. Msiihukumu kwa rangi. Oili ya dizeli hugeuka nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, na kuyabeba ndiyo kazi yake. Ihukumuni kwa kitabu cha injini na kwa kipimo.

Kitabu hutaja uzito na alama ya oili inayotakiwa. Kwa malori mengi ni 15W-40 yenye alama CK-4, ambayo ilianza kutumika Desemba 2016. Ipo pia oili nyepesi yenye alama FA-4, iliyotoka wakati huo huo. Hiyo isitiwe katika injini ambayo kitabu chake hakikuitaja. Lori kubwa hupokea kiasi cha lita 40 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo naelewa kishawishi cha kuahirisha. Lakini hesabuni vizuri: injini inayounguruma usiku kucha bila kutembea haiongezi maili, ila inaongeza saa, na oili huchoka kwa saa vilevile. Na oili inapobadilishwa, chujio lake libadilishwe pamoja nayo. Kuoga na kuvaa nguo ileile chafu si kuoga.

Pimeni kila asubuhi, lori likiwa limesimama sawasawa na injini ikiwa imezimwa muda wa kutosha. Oili ikipungua kuna sababu. Ikiongezeka pasipo kuongezwa na mtu, kuna sababu kubwa zaidi: ama dizeli, ama maji ya rejeta, yameingia ndani.

Jambo ambalo vijana wengi hawalitumii ni kupima oili maabara. Huchukuliwa kichupa kidogo wakati oili ya moto inamwagwa, si ile ya mwanzo wala ya mwisho bali ya katikati, kikapelekwa kwa posta. Gharama haifiki dola 50. Majibu yake ni kama majibu ya damu hospitalini. Chuma kikizidi, silinda au ringi zinalika. Risasi na shaba zikizidi, beringi zinakwisha. Silikoni ikizidi, vumbi linapita. Sodiamu au potasiamu zikionekana bila kutarajiwa, maji ya rejeta yanavujia ndani. Dizeli ikionekana, huenda nozeli inadondosha. Jibu la mara moja halitoshi. Majibu matatu au manne yakipangwa kwa tarehe ndiyo yanayoonyesha mambo yanaelekea wapi.

MAJI YA REJETA

Nitawasimulia yaliyowapata ndugu wawili wa mji wa jirani, ambao wameniruhusu kusema bila ya kuwataja. Walinunua lori lililotumika, kwa fedha za watu saba wa ukoo. Mwezi wa pili waliona maji ya rejeta yanapungua. Chini ya lori pakavu, mipira mizima. Wakaongeza maji. Mwezi wa tatu wakaongeza tena, na safari hii yakawa ya bomba, kwa sababu yalikuwa karibu. Mkubwa alitaka kusimama. Mdogo akasema mzigo wa wiki hiyo una malipo mazuri, watatazama wakirudi. Hawakuwaambia wale saba, kwani waliona si habari ya kuwatia watu wasiwasi. Mwezi wa tano, katika jimbo la Wyoming, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Beringi zote zilikuwa zimekwisha. Lori lilikaa gereji wiki sita. Upatu ulivunjika, na baadhi ya jamaa hawazungumzi mpaka leo.

Fundi alipoifungua injini alikuta nini? Shati za silinda zimetobolewa vishimo vidogo mithili ya nguo iliyoliwa na nondo. Sababu yake inafahamika katika elimu ya injini. Mwako unapotokea, shati ya silinda hutikisika kwa kasi. Maji yanayoizunguka hufanya mapovu madogo sana, na mapovu hayo yanapopasuka juu ya chuma huking'ofoa kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Kinga yake imo katika dawa iliyochanganywa na maji ya rejeta, ambayo hufunika chuma kwa utando mwembamba. Dawa hiyo hupungua kwa matumizi, na hupungua zaidi mtu anapoongeza maji matupu.

Kwa hiyo, wanangu, yashikeni haya. Mchanganyiko uwe nusu dawa na nusu maji yaliyotoneshwa, si ya bomba, maana ya bomba yana chumvi na chokaa. Mchanganyiko huo huzuia kuganda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Msichanganye aina mbili za dawa kwa kutazama rangi tu, kwani rangi si ushahidi. Someni maandishi ya kwenye chombo. Vipo vikaratasi vya kupimia nguvu ya dawa, vinavyouzwa kwa bei ndogo. Tumieni vinavyoafikiana na aina mliyonayo. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto. Na maji yakipungua mara mbili bila ya kuonekana yanakovujia, simameni mkatafute sababu.

DIZELI NA BARIDI

Nozeli za injini za sasa hunyunyiza mafuta kwa shinikizo linaloweza kupita paundi 30,000 kwa inchi ya mraba. Tone la maji au chembe ya uchafu kwa shinikizo hilo hula chuma. Kwa hiyo chujio linalotenganisha maji na dizeli limwagwe maji yake kila siku, na tangi lisiachwe karibu tupu usiku wa baridi, kwani hewa iliyomo hufanya umande ndani.

Wageni wa nchi hii hushangazwa na jambo la pili: dizeli huganda. Ndani yake mna nta, na kwa dizeli ya kawaida nta hiyo huanza kuonekana kama ukungu karibu na nyuzi 10 chini ya sifuri, hapa mapema kidogo, pale baadaye kidogo. Kisha huziba chujio na injini hukosa mafuta. Dizeli iliyonunuliwa Texas haikuandaliwa kwa baridi ya Minnesota. Anayeelekea kaskazini ajaze tangi njiani, mahali palipokwisha kuuzwa mafuta ya baridi, au achanganye na dizeli namba 1, na dawa ya kuzuia kuganda aitie kabla ya baridi kufika. Mafuta yakishaganda, dawa ile ya kuzuia haiyarudishi. Chujio la akiba liwemo ndani ya kibini. Usiku, palipo na umeme, hita ya injini ichomekwe, kwani kuiwasha injini iliyoganda, na oili yake nzito kama asali, ni kuizeesha kwa makusudi. Petroli isitiwe ndani ya dizeli hata kidogo.

KUWASHA, KUZIMA NA KUSUBIRI

Tabochaja huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na shafti yake huelea juu ya oili. Ukiwasha injini ya baridi na kukanyaga mafuta papo hapo, shafti inazunguka kabla oili haijaifikia. Ukipanda mlima na mzigo kisha ukazima papo hapo, oili iliyomo inaungua na kuwa makaa. Basi wakati wa kuwasha subiri geji ya oili ipande, kisha ondoka taratibu. Wakati wa kuzima, baada ya kazi nzito, iache ingurume dakika tatu hadi tano. Dakika hizo zinatosha kuleta istighfari na kumshukuru Mola kwa kufika salama.

Lakini kungurumisha usiku kucha ni jambo jingine. Lori lililosimama likiunguruma hula karibu galoni 0.8 kwa saa, na kwa kuwa mwako wake si wa moto wa kutosha, huzalisha masizi. Hita ndogo ya dizeli ya chumba cha kulala hutumia sehemu ndogo tu ya mafuta hayo.

Masizi hayo ndiyo huziba chujio la bomba la moshi, ambalo malori ya hapa yalianza kuwekewa kwa ajili ya kanuni za mwaka 2007. Chujio hilo hujisafisha kwa kujichoma lenyewe. Taa yake ikiwaka, lipe nafasi limalize. Msilikatishe kila mara kwa haraka. Likiziba upya baada ya muda mfupi, kosa huenda si la chujio, bali la nozeli inayodondosha au tabochaja inayovujisha oili. Wapo mafundi wanaojitolea kuling'oa. Kuling'oa ni kuvunja sheria ya nchi, na juu ya sheria kuna haki ya jirani anayeuvuta moshi ule. Ama yale maji ya urea yanayouzwa kwa jina la DEF, yana tangi lake. Yasitiwe katika tangi la dizeli, wala yasiongezwe kitu. Yakiganda, nayo huganda karibu na nyuzi 11 chini ya sifuri, lori lenyewe huyayeyusha.

DAFTARI

Sheria ya hapa humtaka dereva ajiridhishe, kabla ya kuondoka, kwamba chombo chake ni salama. Baada ya sala ya Alfajiri, pamoja na kukagua breki, tairi na taa, ongezeni dakika kumi za injini: oili, maji, mikanda, mipira, maji ya kwenye chujio la dizeli, na kutazama chini kama kuna tone. Kisha andikeni.

Nunueni daftari la kawaida la shule. Kila mstari uwe na tarehe, maili, saa za injini, kilichopimwa, kilichoongezwa na kiasi chake. Wale ndugu wawili, lau wangaliandika, wangaliona kwa macho yao maji yakipungua mwezi wa pili, wa tatu na wa nne. Kipimo cha oili cha chini ya dola 50 kingewaambia yaliyobaki. Kumbukumbu ya kichwani humsamehe mwenyewe. Ya kwenye karatasi haimpendelei mtu. Aidha, siku ya kuliuza lori, daftari hilo humpa mnunuzi imani kuliko kiapo.

Na daftari hilo lisiwe siri ya dereva. Mwisho wa kila mwezi, fungu la faida linapogawiwa, nalo lisomwe mbele ya wenye mali, hata kwa simu. Wakiambiwa mapema kwamba mwezi huu faida itapungua kwa sababu ya matengenezo, watanung'unika siku mbili. Wakiambiwa wamechelewa, mtapoteza mali na udugu pamoja. Na mwenye mali naye ana wajibu wake: asimkimbize dereva wala asimlaumu kwa kupoteza siku moja gereji, kwani dereva anayeogopa lawama ndiye anayeficha tone la kwanza.

Wazazi, hapa pana faida nyingine kwenu. Mpeni mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili kazi ya kuliandika daftari hilo kwa Kiswahili wakati baba anaposoma vipimo kwa simu kutoka njiani. Atajifunza kuandika lugha yake, atajua riziki ya nyumba inatoka wapi, na atazungumza na baba yake kila siku.

Mwezi ujao, inshaallah, tutazungumzia namna ya kuandika mkataba wa ushirika baina ya jamaa, ili kila mchangaji aijue haki yake kabla ya mali kununuliwa. Wenye maswali wawape wasambazaji wa jarida hili baada ya sala ya Ijumaa.

Mwenyezi Mungu awalinde wote walio njiani na awarudishe salama kwa watoto wao. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullah.